Klachi ya Shangazi Nerina

Via dei Mulini 9,
Spilamberto, Modena.
18 Mei, 1997.

Mpendwa mdogo wangu Vainer,

Hujambo huko Rosario? Kifua kimepona? Mirta na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila goti langu hunikumbusha kila asubuhi ile miaka thelathini niliyosimama kiwandani nikiunga magiaboksi. Cheri zimeanza kuiva na mvua bado haijaziharibu.

Nimekawia kukuandikia kwa sababu ya hasira, na sikutaka kukutumia bahasha ya matusi. Hasira yenyewe haijaisha, basi nivumilie.

Unalikumbuka lile gari jekundu la mbio ambalo marehemu mumewe Ermes alimwachia shangazi yetu Nerina. Ana miaka sabini na minne na bado hulipeleka kwenye mbio za mlimani kila Juni. Mwezi Machi likaanza vituko: akikanyaga mafuta kwenye mwinuko, injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inajaa ndani. Akalipeleka kwa Gualtiero, yule mwenye gereji ya barabara ya Vignola, ambaye mwaka juzi tu ndiye aliyelifungia klachi mpya.

Vainer, mtu yule hata chini ya gari hakuinama. Alimwambia mbele ya wateja, "Bi Nerina, hapa kilichochakaa si klachi, ni mguu. Wewe kanyaga zabibu za divai, magari tuachie sisi." Watu wakacheka. Kisha akamnong'oneza kwamba anamjua mnunuzi Bologna.

Shangazi akarudi kwa mwendo wa kobe, akatundika funguo, na kwa wiki mbili hakutoka. Nilipomwendea aliniambia atauza, huenda kweli mguu umezeeka. Mwanamke aliyeshinda mbio za mlima mwaka 1959 mkono mmoja ukiwa na bandeji! Hilo ndilo lililonichoma.

Nikalileta gari bandani kwangu, na jirani Learco, muuza jibini, akanisaidia kuliteremsha giaboksi. Pleti ya klachi ilikuwa imelika hadi ribiti, vile vipini vinavyoishikilia, zinasaga chuma, sikatai. Lakini ilikuwa imelowa oili chapachapa, na klachi yenye oili huteleza na kuungua. Mguu wa mzee hautoi oili. Ile pete ya mpira inayozuia oili ya injini isifike kwenye klachi ilikuwa ngumu kama ukoko, imepasuka. Na kwenye karatasi ya malipo aliyompa shangazi mwaka juzi, Gualtiero ameandika kwa mkono wake: pete mpya. Alifunga klachi mpya na kuiacha pete kuukuu palepale, halafu akamsingizia mjane.

Nilibadilisha pete, pleti na beringi yake, nikampelekea mchonga vyuma gurudumu la injini, lile ambalo klachi hulibana, akalisawazisha. Shangazi alipolijaribu, gari liliondoka laini kama siagi.

Alhamisi tukaenda gereji. Shangazi akaiweka pete iliyopasuka mezani, na karatasi kando yake. Gualtiero akaigeuzageuza, kisha akamuuliza Learco aliwezaje kuliteremsha giaboksi bila mashine. Learco akaninyooshea mimi kidole. Hata hapo yule bwana hakuona haya. Alisema labda mpira ulikuwa mbovu tangu kiwandani.

Shangazi hakubishana. "Panda, mwanangu," akamwambia. "Twende ukauone mguu uliochakaa."

Wateja walikuwa wakimkodolea macho, akapanda. Mimi na Learco tuliwafuata kwa gari lake la jibini, wakatupotea kona ya pili. Tuliwakuta juu mlimani, kwenye kanisa, Gualtiero ameegemea ukuta, rangi imemtoka. Aliomba radhi, lakini kwa kunong'ona, kama anayemwungamia padri dhambi.

Shangazi akamjibu kwamba kicheko kilikuwa na watu, basi na radhi iwe na watu: kesho saa nne, gereji ikijaa. Akafunga mlango wa gari, akaondoka, akamwacha ateremke kilomita tisa kwa miguu.

Na kweli, Vainer, kesho yake Gualtiero aliomba radhi mbele ya wateja, macho chini. Shangazi akamtaka arudie, kwa sababu wa nyuma hawakusikia.

Nisalimie Mirta, Graciela na mdogo wake Ruben. Shangazi anakubusu, na Learco anasema jibini lako linangoja. Mungu akulinde kifua na akufupishie safari ya kurudi kwetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Oriella