Waya Mweupe wa Tela la Baba

Kansanga, Kampala
Jumapili, tarehe 23 Februari

Mama mpendwa,

Leo nimeamua kukueleza yote, hata yale ambayo Baba hangependa niyaandike. Kwenye simu huwa nakwambia tuko salama tu, kwa sababu simu ni yake na yeye huwa ameketi kando yangu akisikiliza. Barua hii utaletewa na Shangazi Nafula, anayesafiri kesho kuja huko Webuye. Nimeifunga kwa gundi.

Kwanza, hujambo? Goti limeacha kukusumbua? Mvua imefika, au bado mnachota maji mtoni? Na kikohozi cha Wafula je? Sisi huku ni wazima wa mwili. Matokeo yangu ya kidato cha nne ulishayasikia ukafurahi. Usilolijua ni kwamba shule imenipa fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, na ni lazima irudi Ijumaa hii ikiwa na sahihi ya mzazi. Nimejaza Fizikia, Kemia na Hisabati. Fomu hiyo imelala kabatini mwa Baba siku tisa bila kutiwa sahihi.

Sasa nikueleze habari za tela. Baba bado anakodisha mahema na viti vya harusi na matanga. Mwezi uliopita mafundi wa Katwe walimtengenezea tela la kuvutwa na gari, wakachomelea na ndoano yake chini ya buti la gari. Walilipaka rangi ya manjano, na Baba akashinda siku nzima akilizunguka na kulifuta vumbi kwa leso yake ya jasho. Kazi ya taa alimpa rafiki yake, Fundi Mukasa. Tela likifungwa nyuma, wenye magari hawazioni tena taa za gari letu, kwa hiyo taa za tela sharti ziige za gari: breki kwa breki, kushoto kwa kushoto.

Hazikuiga. Baba akikanyaga breki, indiketa zote mbili zilipepesa kinyonge. Akionyesha kulia, taa zote za nyuma zilififia na kuwaka pamoja. Jumamosi moja tulikuwa tunapeleka viti vya harusi Ntinda, askari wa trafiki akatuweka kando ya barabara mpaka saa nane. Tulipofika, wazee wa upande wa bibi harusi walikuwa wamesimama juani. Mama mmoja akamwambia Baba mbele ya watu wote, "Ssebo, bwana, viti vyako vimekuja kusaidia kuosha vyombo?" Baba alianza kushusha viti mwenyewe, viwili viwili. Nilimwonea huruma sana siku hiyo, Mama. Nataka ujue hivyo kabla sijakueleza mengine.

Fundi Mukasa aliitwa mara mbili. Mara zote alibadilisha balbu, akalipiga tela teke, akasema, "Mzee, taa yangu iko sawa. Gari yako ndiyo iko na wazimu." Nikamwomba Baba aniruhusu nijaribu. Akacheka. "Nekesa, hii si redio ya nyanya yako."

Jana alipokwenda sokoni kununua kamba za mahema, nilianza bila ruhusa. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Nilifungua vifuniko vya ndani ya buti, nikazifuata nyaya moja baada ya nyingine kwa balbu ndogo niliyoiungia nyaya mbili, kama Madam wa Fizikia alivyotufundisha maabarani. Karatasi iliyokuja na soketi ya tela inaeleza rangi zote: manjano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, nyekundu ni breki. Sikuwa na mtu wa kunikanyagia breki, basi nikaikandamiza kwa mti wa hema niliouegemeza kwenye kiti. Ndipo nikaona kazi ya Mukasa. Alikuwa amesokota nyaya kwa vidole tu na kuzifunga kwa kaveera, ule mfuko wa nailoni wa kubebea nyanya na vitunguu. Nilichomoa waya wa betri, nikaziunga upya zote, nikazifunga kwa tepu nyeusi.

Nikarudisha betri, nikajaribu. Taa zikapepesa vilevile.

Nilikaa chini nikataka kulia. Halafu nikakumbuka kwamba umeme ukienda sharti urudi. Njia yake ya kurudi ni waya mweupe, unaofungwa kwenye chuma cha tela. Mukasa aliukaza kwa bolti juu ya rangi ile mpya, na rangi haipitishi umeme. Kwa kukosa njia yake, umeme ulikuwa unarudi kupitia balbu za taa nyingine, ndiyo maana zote zilikuwa zikipepesa. Nilichukua kisu cha jikoni nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, mahali padogo kama kifuniko cha soda, nikaukaza waya hapo. Zikawaka, Mama. Kila moja kwa zamu yake.

Baba aliporudi aliuliza, "Nani amegusa gari langu?"

"Ni mimi, Baba. Hebu kanyaga breki."

Alikanyaga. Nikapiga kelele kutoka nyuma, "Zimewaka!"

"Zote?"

"Zote!"

"Haya, kulia."

"Kulia tu!"

Alishuka, akapatazama pale nilipokwangua. "Umeharibu rangi," akasema. Kisha akasema polepole, "Lakini zimewaka." Usiku nililala nikiwa na hakika kwamba fomu itatiwa sahihi.

Leo tulilipeleka tela kanisani. Huku kwetu, chombo kipya cha kazi huletwa mbele ya mlango baada ya ibada ili mchungaji akiombee, na waliokitengeneza huombewa mikono yao. Wachomeleaji wa Katwe walipakwa mafuta. Kisha mchungaji akauliza, "Na taa hizi zimeungwa na mikono ya nani?"

Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua moja mbele. Baba akasema, "Mukasa."

Mukasa aliangalia viatu vyake kidogo, halafu akanyoosha mikono. Watu wakapiga makofi. Nikaurudisha mguu wangu.

Baadaye Mukasa alinifuata kando ya gari, akaniambia kwa lafudhi yake ya Kiganda, "Nyabo, bibi, usikasirike. Mimi nirifungua njia, wewe ukapita."

"Njia gani, Fundi? Ile ya kaveera?"

Alicheka mpaka akalishika tela asianguke. Mimi sikucheka.

Nyumbani nilimuuliza Baba kwa nini. Akasema, "Nani atakodi mahema yangu akisikia taa zimeungwa na mtoto wa shule? Tena msichana?"

"Na kama ningeziunga vibaya, ungesema ni Mukasa?"

"Usinijibu hivyo." Akaenda kabatini, akanitupia fomu mezani. Alisema amenitafutia nafasi chuo cha upishi, nimsaidie kwenye harusi. Nikasema nataka Fizikia. Ndipo akasema, "Unadhani ni mimi? Mama yako mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema msichana akizoea kazi ya vyuma hataolewa, na akiolewa hatakaa."

Niliiokota fomu mezani. Maneno ya kumjibu Baba ninayo mengi. Ya kukujibu wewe sikuwa nayo.

Fomu nimeitia ndani ya bahasha hii. Madam aliniambia shule inakubali sahihi ya mama, na kwamba nafasi yangu ataishikilia hadi Ijumaa. Shangazi anarudi Alhamisi, kwa hiyo bado kuna wakati.

Nisalimie Nyanya, umwambie bado namwombea macho yake. Nisalimie Mjomba Simiyu, kaka yako, aliyenipa bisibisi yangu ya kwanza. Mbusu Wafula, na asikubali kuitwa mtoto; sasa ndiye mwenye nyumba huko.

Mama, sikuulizi kwanza kama utaitia fomu sahihi. Mpe Shangazi jibu la jambo hili moja, na uliandike kwa mkono wako: maneno hayo uliyasema wewe?

Binti yako,
Nekesa