Niliyabandua Mawe ya Baba kwa Nyundo

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, maana roho yangu haina raha. Marehemu baba yetu, mzee Raphaeli, alikuwa mlinzi kwenye machimbo ya zumaridi kule chini karibu na Ziwa Manyara, na msimamizi alimruhusu kuokota kwenye kifusi, basi kila mvua ikikatika alituchukua mimi na kaka yangu Inosenti, tunainama siku nzima tukitafuta kito cha kijani kilichonasa kwenye jiwe jeusi, mchana tunakula makande ya baridi, na mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa machozi yananitoka. Hakuuza hata kimoja. Kila jiwe alilifunga kwa karatasi, akaandika siku na shimo lilikotoka, na alipofariki sanduku la mawe hayo likabaki kwangu.

Sasa Inosenti, mwalimu huko Singida, ameandika kwamba anakuja Pasaka kuyaona, nami kwa furaha nikataka ayakute yanang'aa, nikabandua vito vyote kwa nyundo, nikavipaka mafuta kama wafanyavyo wachuuzi, mawe meusi nikatupa nyuma ya zizi, karatasi nikawashia moto, ndipo nikamalizia kuisoma barua yake: "Dada, usiyaguse, nataka kuyaona kama baba alivyoyaacha." Je, nimwambie tumeibiwa?

Leonida, Rhotia

Leonida dada yangu,

Pole sana. Nimesoma habari za hayo makande nikamkumbuka baba yangu, kisha nikakukasirikia. Barua unaisoma nusu halafu unashika nyundo? Zumaridi likiwa ndani ya jiwe lake linaeleza lilikotoka. Ulivyobakiza ni kama shanga za dukani. Na huo wizi uache kabisa. Inosenti atamshuku jirani yupi, nawe utamwangaliaje jirani huyo kanisani?

Nenda nyuma ya zizi kabla ng'ombe hawajamaliza kukanyaga, okota kila kipande, jaribu kurudisha kila kito mahali pake, na gundi usiguse. Halafu chukua daftari uandike unayoyakumbuka ya kila jiwe: shimo gani, mvua ya mwaka gani, nani aliliona kwanza. Kaka yako atajazia yaliyobaki. Lakini kwanza mwandikie ukweli.

Jibu hili nilikutumia kwa posta wiki tatu zilizopita, nikachelewesha kulichapa ili Inosenti asije akayasoma haya hapa gazetini kabla ya kuyasikia kwako. Kama bado hujamwandikia, dada, leo ameshajua.