Mama Amenipunguzia Shahada

Sheffield, Uingereza
9 Novemba

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko nyumbani Changsha? Hapa mvua haikatiki, nami ni mzima wa mwili. Moyo ndio umenishinda.

Bila shaka umeshasikia aliyoyafanya mdogo wako. Kila Jumapili Mama huenda bustanini na wazazi wenzake, akatundika kwenye mwavuli karatasi yenye sifa zangu, kunitafutia mume. Hilo nimelizoea. Safari hii kafuta masomo yangu yote ya uzamivu! Kaandika nina shahada moja tu, na kwamba huku nauza dukani kwa mjomba. Mjomba yupi, jamani?

Akapata watu, akina Tan, kijana wao yuko idara ya maji. Tukaonana kwenye simu ya video. Mama wa kijana akanikagua kama samaki wa sokoni, kisha akasema, "Afadhali wewe, mwanangu. Hawa wasomi wa kupindukia nani atawaoa? Wakavu kama kuni!" Mama yangu, aliyekuwa amekaa nao, akacheka. Nami nikacheka, Mama Mkubwa. Mpaka leo najichukia.

Nilipompigia Mama baadaye, akanijia juu: "Utasoma mpaka uote ndevu? Miaka ishirini na tisa hiyo! Rudi mwaka mpya uchumbiwe, magonjwa ya mpunga waachie wanaume." Utafiti wangu wa magonjwa hayo, ulioninyima usingizi miaka yote hii, leo ni aibu ya kufichwa. Nilitaka kumjibu, nikaishia kusema, "Ndiyo, Mama."

Huku nako hawanielewi. Msimamizi wangu, Bi. Hartley, kila kikao hunilaumu kwamba sisemi. Nitasemaje mbele ya mkubwa kabla hajaniuliza? Ndivyo mlivyonilea. Juzi nilikwenda kumwambia naacha masomo. Akashtuka, akaniuliza, "Peizhen, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nikanyamaza. Akaniangalia kwa huruma, akasema anajua kwetu kimya ni adabu, nisione haya. Masikini, adabu ilikuwa wapi! Nilikuwa natafuta ninachotaka, nikakuta sina. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ijumaa narudisha ufunguo wa maabara. Usimwambie Mama kwamba nililia. Mwambie tu nakuja.

Nisalimie dada Shuhui na mwanawe. Mbingu zikupe uzee mwema, wenye miguu isiyouma.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye hata nikikosa la kusema,
Luo Peizhen