Filamu Inayoanza na Damu

Kijiji cha Ujamaa Kabuye,
S.L.P. 14,
Biharamulo.
12 Machi 1980

Mpendwa kaka Ansbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kwamba kifua kilichokuwa kinakubana kwa vumbi la pamba kimepata nafuu. Wifi Esperansia hajambo? Na watoto je? Sisi tunapumua. Mvua imenyesha vizuri, ila sabuni haipo dukani tangu mwezi uliopita, kwa hiyo ukisikia harufu kwenye karatasi hii ujue ni ya dada yako. Mama anaamka, anakwenda shambani, anarudi, haulizi kitu.

Uliniandikia kwamba jina la mdogo wetu Renatus nisilitaje tena. Leo nakuandikia habari za sinema. Ukimkuta Renatus humo, kaka, vumilia usome hadi mwisho.

Jumapili lilikuja gari la sinema. Katikati ya Kwaresima! Katekista alitukataza baada ya misa, kisha nikamkuta amekaa mbele yangu. Walifunga milango ya ghala la mahindi, wakaziba madirisha kwa magunia, saa nane mchana ikawa giza. Filamu inaitwa Duka la Saa. Fundi wa sinema alisema huko kwenu ilionyeshwa siku mbili tu, watu wakaikimbia, na kwamba itarudishwa tena wiki ijayo. Waliokimbia ni wajinga. Nenda ukaione.

Inaanza na damu. Muuza nyama anaingia kwa fundi saa bila hodi, anamlaza kwenye meza yake ya kazi, anamchinja. Saa zinamwagika sakafuni, damu inapita katikati yake, nazo zinaendelea kutembea. Wanawake walilia. Mimi nilijifunika khanga usoni, halafu nikachungulia.

Mkanda wa pili ukaanza, na yule marehemu akaonekana anafagia duka! Ghala zima likapiga kelele. Mzee Shibuda, balozi wetu wa nyumba kumi, alisimama mbele ya mwanga mpaka kivuli chake kikajaa kwenye shuka jeupe la sinema. "Wewe kijana, umetuchanganyia mikanda. Maiti anafagiaje?" Fundi wa sinema alieleza kwamba ndivyo ilivyotengenezwa: kila mkanda unarudi nyuma siku moja. Hawakumwamini hata kidogo.

Katika mkanda huo muuza nyama anavunja mlango na kumkata mwenzake vidole viwili. Katika wa tatu, yaani siku moja kabla, anampasulia chupa shavuni wakiwa baa. Nikaona ajabu: kadiri tulivyorudi nyuma ndivyo nilivyoacha kumwogopa. Nilikuwa natafuta tu ni mahali gani mtu angeweza kumshika mkono. Katika mkanda wa mwisho wanapandisha kabati ghorofani, wao wawili, wanacheka mpaka wanaliachia. Ni marafiki, kaka. Kisha dada wa muuza nyama anamwita kaka yake pembeni, anamnong'oneza sikioni. Muuza nyama anaacha kucheka. Imekwisha. Fundi wa sinema alikuwa akitutafsiria yote kwa kipaza sauti, lakini hapo alisema hakuna maneno yaliyorekodiwa.

Basi watu wakampiga yule fundi wa sinema. Walianza mgambo wetu waliorudi kutoka vita vya Uganda, wengine wakafuata. Mmoja alimpiga mdomoni kwa mpini wa jembe, meno mawili yakaangukia kwenye mahindi. Mzee Shibuda akaamuru filamu irudiwe kwa utaratibu unaoeleweka, mkanda wa mwisho uwe wa kwanza. Yule maskini akairudia, huku akifuta damu kwa mkono wa shati.

Hapo ndipo nilipoogopa. Filamu ni ileile, watu ni walewale. Lakini safari hii walipofika kwenye chupa walikuwa wamekwisha chagua upande, na kwenye vidole walikuwa wanapiga kelele, "Mmalize! Mmalize!" Koo lilipokatwa walipiga makofi. Hata wale wanawake waliolia saa moja kabla. Kwa hiyo wakitaka kuipanga upya huko Mwanza, toka nje. Itazame kama ilivyo au usiitazame.

Renatus hakusubiri kurudiwa. Nilimkuta nyuma ya ghala, amechuchumaa, anatapika. Aliniuliza, "Dada, na mimi wakianzia nyuma, watafika wapi?" Nilimfuta mdomo kwa khanga.

Wewe, kaka, umeona mkanda wa kwanza tu. Desemba, kwenye kilabu cha pombe, Renatus alimkata Bulugu mkono wa kulia kwa panga, ukabaki unaning'inia kwa ngozi, hospitali wakaumalizia. Bulugu, jirani yetu, ambaye huko Uganda alimbeba mgongoni siku mbili alipoharisha damu. Ukaandika kwamba huna mdogo mwenye roho ya fisi. Sikukulaumu.

Sasa Renatus yuko nje kwa dhamana, kesi ni Aprili, na ndugu wanne wa Bulugu wamekuja kutoka Shinyanga. Wiki iliyopita walimkata mtamba wetu miguu ya nyuma, tukamkuta anajikokota kwenye migomba, ikabidi Mama mwenyewe ammalize. Wametuma neno: watasikiliza iwapo mkubwa wa nyumba yetu atakuja kuomba radhi kwa miguu yake. Si mwanamke, si mjomba. Baba hayupo, mkubwa ni wewe. Watasubiri hadi Jumapili ya Matawi, baada ya hapo ni kichwa cha Renatus.

Lakini hutakuja kwa ajili ya mtu unayemjua kwa mkanda mmoja. Ngoja nikuonyeshe wa mwisho.

Bulugu aliporudi kutoka vitani alipita kwangu kwanza. Alinieleza kwa upole kwamba Renatus aliumwa, alijichafua, alilia akimwita Mama, na kwamba nimpikie uji laini wala nisimuulize. Nilimshukuru. Mwezi wa kumi na mbili ng'ombe wake wakaingia katika maharage yangu, wakamaliza yote, na Mzee Shibuda akaipuuza kesi yangu. Nikakasirika. Jioni hiyo nikimpakulia Renatus chakula, nilimwambia kwamba Bulugu anamcheka kilabuni, anawaigizia watu jinsi alivyojichafua na kumlilia Mama. Ilikuwa uongo. Bulugu hakumwambia mtu mwingine yeyote. Renatus aliacha kula, akainuka, akachukua panga ukutani. Nami nilimwona akilichukua. Nikafunika chungu.

Miezi mitatu Renatus hajamtajia mtu yeyote sababu, hata polisi. Anaona aibu. Na hajui kwamba nilidanganya. Kila siku anakula ninachompikia, anasema asante dada.

Njoo, kaka. Utaingia kwa Bulugu ukiwa mbele, nami nitakuwa nyuma yako, na nitayasema haya mwenyewe, wanifanye watakalo.

Nisalimie wifi Esperansia, na watoto, na Mzee Pancras wa jirani. Mama anakubariki na kukuombea, hajui ninachokuandikia. Mungu akulinde barabarani, akuharakishe.

Mimi dada yako nikupendaye, hata usipoweza kunipenda tena,

Theodosia