Bima ya Ukaguzi na Maili za Baba

Blaenau Ffestiniog
4 Februari

Mwanangu Nerys,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti hulia likisikia mvua, na huku mvua haikatiki. Hamjambo huko Bristol? Watoto wanakula?

Nimepata bahasha yako. Bima! Eti gari likifeli ukaguzi wa mwaka, kampuni italipa matengenezo. Nani kakwambia gari langu hufeli? Miaka kumi na tisa nalipeleka kwa Selwyn wa gereji, miaka kumi na tisa linapita. Nimepasua mawe ya vigae machimboni miaka arobaini, ufa nausikia ndani ya jiwe kabla haujaonekana. Nitashindwa kuisikia breki? Wewe umemletea bondia machela kabla hajapanda ulingoni.

Hata hivyo nimeiweka kabatini, maana umenunua kwa mapenzi.

Mama yako hajambo huko Porthmadog kwenye nyumba ya wazee. Namwona Jumapili tu, baada ya ibada, kama tulivyokubaliana. Hanijui tena, sasa niende kila siku kufanya nini? Mimi si mtu wa kukaa kushikana mikono.

Ni mimi, baba yako

---

Bristol
11 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakula mpaka sahani. Pole na goti. Ile dawa ya kuchua niliyokuletea umeifungua, au nayo iko kabatini?

Bondia wangu, una miaka themanini na moja, na gari ni kizee mwenzio. Ndiyo maana nilinunua bima. Lakini jana nimesoma yale maandishi madogo, nikashtuka. Hawalipi tairi. Hawalipi bodi iliyoliwa na kutu. Na hawalipi chochote ambacho mkaguzi alikuonya mwaka jana nawe hukukirekebisha. Sasa niambie kweli, baba: mwaka jana Selwyn alikuandikia onyo lolote? Kama lipo, tulitengeneze kabla ya ukaguzi. Sitagomba.

Akupendaye, binti yako

---

Blaenau Ffestiniog
16 Februari

Nerys mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Dawa ya kuchua inanuka kama zizi.

Onyo hakuna. Karatasi ya mwaka jana ilikuwa nyeupe kama shati la harusi. Selwyn mwenyewe alisema, "Mzee Idwal, hili gari litatuzika sote." Ukaguzi ni Jumatatu ya tarehe pili Machi. Kaa utulie.

Baba yako, ambaye hajawahi kufeli kitu

---

Bristol
9 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimesubiri barua wiki nzima, haikuja. Simu hupokei. Mwishowe aliyenipigia ni Selwyn.

Kumbe paipu ya breki ilivuja palepale kwenye ukaguzi. Ameandika "hatari" na amezuia gari lisitoke gereji. Kampuni ya bima nayo imekataa kulipa, kwa sababu mwaka jana Selwyn aliandika wazi: paipu za breki zina kutu, zibadilishwe. Ile karatasi nyeupe, baba!

Nilikasirika. Kwenye mtandao wa serikali mtu yeyote akiandika namba ya gari anaona kaguzi zake zote, nikafungua nikusute vizuri. Onyo nikalikuta. Lakini chini ya kila ukaguzi wanaandika pia maili ambazo gari limetembea.

Kabla mama hajahamia kule, ulikuwa ukitembea maili elfu mbili kwa mwaka. Mwaka jana ni elfu kumi na kitu. Kutoka kwako hadi kwa mama ni maili kumi na mbili. Nikapiga hesabu ya kwenda na kurudi, Jumapili peke yake. Haikufika hata robo. Nikajaribu kila siku, nikajumlisha na zile elfu mbili za zamani. Ikafika.

Kila siku, baba? Na breki zile, kwenye mteremko ule?

Siulizi nikugombeze. Nimemwambia Selwyn abadilishe paipu zote. Mimi mwanao, usibishe.

Binti yako

---

Blaenau Ffestiniog
15 Machi

Nerys,

Natumaini hamjambo. Mimi sijalala vizuri, lakini mzima.

Sikujua kama maili huandikwa mahali watu wakasoma. Ningelisukuma gari kwa mkono.

Karatasi ya onyo ilikuwa nyuma ya saa ya jikoni. Selwyn alitaka kukaa na gari siku tatu. Siku tatu, nani angempa mama yako chakula cha mchana? Wale mabinti wahudumu wanampa vizuri, siwasemi vibaya, lakini kwao hafungui mdomo. Wewe uliponiambia nisijichoshe, nikasema Jumapili tu, ili ulale. Nimekosa. Nimeliandika hili neno mara moja, usitegemee la pili.

Wiki mbili hizi nimepanda basi. Ndiyo, mimi! Dereva ni mwanamke. Akanifokea, "Kaa chini, babu, utaanguka." Nikamwambia nimeshika usukani kabla mama yake hajazaliwa. Akasema, "Basi unajua kwamba dereva hasumbuliwi." Nikakaa.

Siku ya kwanza nilifika chakula kimeshapoa. Mama yako alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Aliponiona akauliza, "Wewe nani?" Nikasema, dereva. Akasema, "Umechelewa." Kisha akafungua mdomo.

Gari limetoka jana. Breki zinashika kama kupe. Bima yako imekuwa kazi bure, na mwakani usinunue, maana onyo likitoka nitalitengeneza siku hiyohiyo. Gari likibaki gereji, lile basi nimeshalijua, na dereva wangu kaniwekea kiti cha mbele.

Mwakani ukaguzi ukipita, fungua tena huko kwenye mtandao usome maili. Zikiwa nyingi, usinigombeze. Ujue mama yako bado anakula.

Baba yako

Karatasi ya mwaka huu nimeitia humu bahashani. Kaa nayo wewe.