Mama na Gari la Mkwe

Umoja, Nairobi
18 Februari 1996

Mpendwa kaka Opicho,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko Gaborone? Kifua chako kimetulia, au bado unaoga maji baridi kama mwanajeshi? Sisi tu wazima, ila joto la mwezi huu linatukaanga.

Najua unachotaka kusikia ni habari za mguu wa Mama. Kidonda kinafunga, ashukuriwe Mungu. Lakini nusura tuupoteze ule mguu, na kisa ni gari la shemeji yako Mulama.

Daktari alisema kidonda kisafishwe hospitalini kila wiki, la sivyo wataukata mguu. Unamjua Mama. Kwa mila zetu, kulala kwa mkwe tayari kulikuwa aibu tosha, sasa apande na gari lake! Alikubali kwa shida, akaketi nyuma amejifunika leso, hamtazami Mulama wala hamsemeshi. Kila neno lilipitia kwangu.

Basi gari likaanza kuzimika. Likienda sokoni Kariobangi na kurudi, halina neno. Lakini tukimpeleka Mama, safari ni ndefu, injini inashika moto, na karibu na mjini linazima katikati ya barabara. Tunangoja lipoe, linawaka tena kana kwamba halijafanya kosa. Mulama alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, wapi! Siku moja Mama akasema, "Ni mimi. Gari la mkwe linanikataa." Akagoma kwenda hospitali. Kaka, kidonda kilianza kunuka. Nilikuwa nikifungulia redio jikoni nilie asinisikie.

Aliyetuokoa ni fundi Ndeti wa Kariobangi. Alikuja nyumbani, akaacha injini ingurume mpaka ikazima yenyewe, kisha akagusa koili, kile kikopo cha chuma kinachopeleka stima kwenye plagi. Aliruka, jinsi ilivyomchoma! Akaifunga kitambaa, akakilowesha maji, na baada ya muda gari likawaka. Mama alikuwa mlangoni akiona yote. Ndeti akamwambia, "Mama, hii koili ikishika moto inalala. Haijui nani amekaa nyuma."

Siku ya hospitali Mama alikuwa wa kwanza garini, chupa ya maji mapajani. Tukienda kidogo tu: "Triza, mwambie asimame tulipoze."

Sasa nikupe siri. Mulama ameshatia koili nyingine, gari halizimi tena, na hatujamwambia Mama. Ukiandika usiitaje, maana Nasike wetu ndiye humsomea barua zako. Juzi Mama alinisahau kabisa, akaita mwenyewe, "Baba Nasike, simama tulipoze!" Mulama machozi yalimlengalenga. Akasimama, akafungua boneti, akalowesha kitambaa juu ya koili isiyo na kosa.

Nisalimie Jacklyne na watoto. Mungu awafunike. Mama anasema siku mtakayokuja atawapokea mwenyewe uwanja wa ndege, kwa sababu bila yeye gari haliwezi kufika.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Triza