Maji Yaliyolala

Gitega, 20 Februari 2025

Mpwa wangu Nadia,

Assalam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Muyinga, na dada yangu Salama, mama yako, awe anapumua vizuri kuliko siku mlipoondoka. Mi niko salama kabisa. Juzi nimebeba magunia mawili ya maharage, moja kila bega, kutoka sokoni mpaka nyumbani, watu wakasimama kuangalia. Mke wangu Zuena ananihudumia kama sultani. Hata soksi anataka kunivalisha, mi ndiye nakataa.

Usinipigie simu. Simu yangu imemezwa na ng'ombe wa jirani yangu Manase. Siku tatu ilikuwa inalia tumboni mwake, na mpigaji alikuwa we. Tuandikiane tu, Egidius dereva atatupelekea.

Bon, sasa neno la nyumba yenu. Nasikia mama anataka Idi imkute kwake. Karibuni! Tangu mlipofunga mlango mwezi wa saba na kunipa ufunguo, nyumba iko vilevile. Hata nzi hajaingia. Robine hakuna iliyofunguliwa, hata tone moja halijatoka. Maji mliyoyaacha kwenye bomba ndiyo hayohayo mtakayoyakuta. Benki yenyewe haina mlinzi kama mimi.

Mjomba wako,
Uthmani


Muyinga, 24 Februari 2025

Mjomba wangu,

Waalaykum salaam, na shikamoo. Sisi hatujambo kiasi. Mama anafika mlangoni bila kushika ukuta. Begi lake kalifunga tangu juzi, na analikalia kama abiria.

Barua yako ilimfurahisha yeye. Mimi ilinikosesha raha. Daktari wa mapafu alituonya kwamba maji yakilala bombani wiki nyingi, vijidudu vinazaliana humo, hasa kwenye mtungi wa maji ya moto ukiwa vuguvugu, na kwenye vitundu vya dushi. Wanaviita legionela. Kinachomtisha si maji ya kunywa. Ni ule mvuke wa dushi, vile vitone vidogo mtu anavyovuta puani akiwa anaoga. Mwenye mapafu mazima pengine asihisi kitu. Mama, ambaye pafu lake moja tu ndilo linalofanya kazi sawasawa, anaweza kushikwa na homa ya mapafu na tukamzika. Na wewe unaniambia miezi saba, hata tone!

Tafadhali, fungua madirisha. Fungua robine zote polepole, maji yatiririke muda mrefu, na wewe utoke nje. Washa shofo, huo mtungi wa maji ya moto, mpaka maji yachome. Kichwa cha dushi ukifungue, ukisugue, ukichemshe. Halafu niandikie ulichokiona, mjomba, kweli tupu.

Mpwa wako,
Nadia


Gitega, 1 Machi 2025

Mpwa wangu Nadia,

Salaam nyingi, na Ramadhani njema kwenu. Mi niko fiti, funga naiona kama mchezo.

Vijidudu! Mi nimekunywa maji ya Ruvubu pale ambapo kiboko alikuwa ametoka kuoga, na aliyeugua ni kiboko. Lakini we umesoma, nimetii.

Nimefungua robine zote. Eh, mtoto wa dada! Bomba limeunguruma kama lori linapanda mlima, mtaa mzima ukatoka nje. Maji ya kwanza meusi ti, kama kahawa. Harufu yake imeangusha kuku wawili. Halafu kwenye dushi katoka chura, mkubwa kama ngumi, akaniangalia machoni kama ananidai kodi. Mtu mwingine angekimbia. Mi nimemwambia, "Hapa kwa Salama, toka!" Akatoka.

Shofo nimeliwasha mpaka bati la nyumba likatetemeka. Sasa maji ni safi kama machozi. Mleteni dada.

Mjomba wako shujaa,
Uthmani


Muyinga, 6 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma mara nne nikizunguka chumbani.

Maji meusi. Harufu ya kuangusha kuku. Nimempelekea daktari maneno yako, isipokuwa chura, nikaona haya. Akasema kama hivyo ndivyo, asimwone mama kwenye nyumba hiyo.

Kwa hiyo nimeamua. Mama atakaa kwangu moja kwa moja. Jumamosi tarehe 15 Egidius atakuja na lori kuchukua kitanda chake, kabati na cherehani. Nyumba tutaitafutia wapangaji wenye mapafu mazima. Nilipomwambia mama, alifungua begi, akatoa kitenge kimoja, akakirudisha. Akasema, "Basi nimeshakufa. Mnagawana vitu." Tangu jana hajala.

Uwe umefungasha vitu.

Nadia


Gitega, 9 Machi 2025

Nadia, mwanangu,

Salamu leo nazifupisha. Usilete lori.

Naandika nikiwa nimefunga, na nikidanganya funga yangu inaharibika. Hakuna chura. Kuku wapo, wazima, mmoja ungemsikia kama ungekuwa hapa. Maji meusi hayakutoka.

Mi ninakaa ndani ya nyumba yenu tangu mwezi wa kumi. Zuena amenifukuza. Barazani nilisema, kuchekesha watu tu, kwamba nimeposa mwanamke Giteranyi, mweupe, mwenye ng'ombe kumi. Mwanamke huyo hayupo. Giteranyi yenyewe sijafika. Lakini neno limekimbia kuliko miguu yangu. Nimefika nyumbani nikakuta nguo zangu kwenye beseni, nje ya mlango. Simu imebaki kwake, haikumezwa na ng'ombe. Ningeenda wapi? Ufunguo wa dada ulikuwa mfukoni.

Nalala kwenye kitanda chake. Kila asubuhi naoga maji ya moto, naoga sana, naimba. Natawadha kwa kila swala. Na tangu bomba la msikiti likatike, wazee sita wanakuja kutawadha uani kwenu. Maji ya nyumba hii hayajapata hata nafasi ya kusinzia. Nilisema sijagusa kitu kwa sababu niliona hiyo ndiyo sifa ya mlinzi, na kwa sababu ya aibu. Mtu mzima, ndevu nyeupe, analala kwa dada yake kama kifaranga.

Mwambie Salama ale. Mi ndiye nimemfukuza kwake, kwa mdomo wangu.

Mjomba wako,
Uthmani


Muyinga, 13 Machi 2025

Mjomba,

Waalaykum salaam. Mama amekula ndizi nusu.

Sijui nimwamini Uthmani yupi, wa chura au wa beseni. Anayetaka kuzuia lori anaweza kusema lolote, na mama akifa kwa hadithi zako, aliyemwua nitakuwa mimi niliyekusikiliza. Utanisamehe.

Mita ya maji haijui kupiga soga. Siku tulipofunga nyumba niliandika namba yake. Sikutajii. Jumamosi Egidius ataingia aisome kwa macho yake, aiandike kwa mkono wake. Lori litakuja tupu. Likirudi tupu au na kitanda, namba ndiyo itakayosema. Fundi bomba, Fredi, atakuja naye akague kila kona.

Nadia


Gitega, 16 Machi 2025

Mpwa wangu,

Assalam alaykum. Sijakasirika. Ningekuwa we, ningeleta na polisi.

Hapa chini ni mkono wa Egidius, unamjua, hapendi maneno: *Nimesoma mita. 1874. Lori narudi nalo tupu mpaka uniambie. Egidius.*

Fredi amepita kila mahali. Jikoni sawa, bafuni sawa, uani sawa. Halafu akauliza, "Na hiki choo cha wageni, mzee?" Mi humo sijawahi kuingia, mlango umevimba. Akausukuma kwa bega, akafungua robine. Nadia, yametoka maji ya rangi ya chai, mazito, yana utelezi. Sipambi. Nilikuwa nacheka na Fredi, kicheko kikakatika. Ningekuwa kweli yule mlinzi niliyejisifu, bafu lote la dada lingekuwa hivyo.

Fredi amelikata hilo bomba kwenye shina na kuliziba. Dushi ameweka mpya, shofo amelipandisha moto, maji ya kuchoma yakapita kwenye kila robine. Amesema atarudi wiki ijayo.

Mjomba wako,
Uthmani


Muyinga, 24 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Namba niliyoacha ilikuwa 1791. Mita za ujazo themanini na tatu! Mjomba, umeoga.

Daktari amekubali, kwa shingo upande. Nilimsomea mama habari za beseni, akacheka mpaka nikamshika mgongo kwa hofu. Akasema, "Nilijua. Uthmani na ufunguo, lini vimelala nyumba mbili?" Atafika Alhamisi. Wewe uhamie chumba cha uani. Anasema hajasema uondoke.

Ugonjwa huo unaweza kujificha siku kumi, hata zaidi. Kwa simu mama ataniambia ni mzima hata akiwa anazimia. Kwa hiyo uniandikie wewe: anakohoa au hakohoi. Usiongeze kitu.

Nadia


Gitega, 27 Machi 2025

Nadia, amefika salama. Ameoga kwa ndoo, dushi bado anaiogopa. Hakohoi.

Mjomba


Gitega, 29 Machi 2025

Nadia, leo ameoga dushi. Mi nilisimama nje ya mlango nasikiliza. Hakohoi.

Mjomba


Gitega, 31 Machi 2025

Nadia, Idi njema. Zuena amekuja kumsalimia wifi yake. Mi hakunitazama, ila ameacha sahani mbili za pilau. Dada amekohoa mara mbili. Ningesema ni pilipili. Sijui.

Mjomba


Muyinga, 6 Aprili 2025

Mjomba, ni siku sita sasa. Umeandika amekohoa, ukanyamaza! Mama nikimpigia anasema "mzima" na kukata. Naenda stendi asubuhi na jioni kumuulizia Egidius, hayupo. Kesho kutwa nisipopata neno, napanda gari la kwanza. Anakohoa?

Nadia


Gitega, 8 Aprili 2025

Mpwa wangu Nadia,

Assalam alaykum. Gari la Egidius lilikufa Mutaho, na barua zangu tatu zilikuwa humo, zikisubiri kipuri. Utazipata zote pamoja na hii. Zote zinasema hakohoi. Kile kikohozi cha Idi kilikuwa cha pilipili.

Leo ni siku ya kumi tangu dushi ya kwanza. Asubuhi nimeingia bafuni kabla yake, nikajisahau. Dada akasimama katikati ya ua, akaita:

"Uthmani! Umemaliza maji ya moto tena, we mzee usiye na haya! Toka, au nakuja kukutoa na sabuni yako!"

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Wazee waliokuwa wanatawadha waliacha robine zinatiririka. Msikitini walisikia, mtaa wa pili walisikia, na Egidius, anayesubiri barua hii barabarani na mlango wa gari umefungwa, amesikia pia. Muulize.

Mjomba wako,
Uthmani